Ukiitoa Seriamu Ukaweka Lanthanamu: Mjadala wa Kyambogo

Jiwe dogo linalotoa cheche kwenye kiberiti cha gesi, kile kinachouzwa katika kila kibanda kuanzia Banda hadi Ntinda jijini Kampala, ni mchanganyiko wa chuma na metali za ardhi adimu. Nyingi kati ya hizo ni seriamu, ikifuatiwa na lanthanamu. Elementi hizi mbili zimekaa bega kwa bega kwenye jedwali, namba 58 na 57, na tofauti inayotuhusu hapa ni elektroni moja ya ndani, iitwayo 4f, ambayo seriamu inayo na lanthanamu haina. Kwenye kiberiti, tofauti hiyo haina kazi. Kwenye baadhi ya metali zenye seriamu, zikipozwa hadi Kelvini moja au chini yake, ndiyo yenye neno la mwisho.

Metali hizo huitwa za fermioni nzito, na wanaozichunguza wana mazoea ya miaka mingi: wanatoa atomu chache za aina moja, wanaweka za aina nyingine, wanapoza, wanapima. Je, mazoea hayo yanaonyesha metali ilivyo, au yanatengeneza metali nyingine na kuipachika jina la ile ya kwanza? Mjadala huu nimeuweka Kyambogo, kilima cha mashariki mwa Kampala kando ya barabara ya Jinja. Chuo kikuu kilichopo hapo kilizaliwa mwaka 2003 kwa kuunganisha chuo cha ufundi, chuo cha walimu na taasisi ya elimu maalumu, kwa hiyo si ajabu pale mwenye shahada ya uzamivu na mwenye miwani ya kuchomelea wakakaa meza moja. Wasemaji wanne ni wa kubuni. Maabara, miaka na namba wanazozitaja ni za kweli.

Dokta wa fizikia anatetea ubadilishaji wa atomu. Madamu wa kemia anaupinga. Mwanafunzi wa uzamili anataka ushauri kuhusu mada yake ya tasnifu na muda unamwishia. Fundi wa karakana amekuja kwa sababu amesikia kuna tanuri la kujengwa.

MWANAFUNZI: Kabla hamjaanza, Dokta, nisaidie. Elektroni inakuwaje nzito? Si elektroni ni ileile popote?

DOKTA: Ni ileile, binti yangu. Uzito tunaousema unaonekana kwenye joto. Metali ikiwa baridi sana, nishati inayohitaji ili joto lake lipande kidogo hutumiwa zaidi na elektroni zake, na kadiri zinavyokwenda kizito ndivyo kiasi hicho kinavyokua. Shaba ina kipimo cha 0.7 hivi, kwa milijuli kwa moli kwa Kelvini ya mraba. Mwaka 1975 Andres, Graebner na Ott walipima CeAl3, yaani seriamu na alumini, wakakuta 1,620. Zaidi ya mara elfu mbili.

MWANAFUNZI: Kama mtu anayevuka soko la Owino akisimamishwa na kila muuzaji?

DOKTA: Umepatia nusu. Kwenye metali hizi wauzaji nao wanaziacha meza zao na kuingia kwenye msafara. Katika joto la kawaida, elektroni ya 4f imetulia kwenye seriamu yake kama sumaku ndogo. Ukipoza, elektroni zinazopita zinaufunika usumaku huo mpaka unazimika, na 4f yenyewe inakuwa sehemu ya mkondo. Chanzo chake alikieleza Jun Kondo mwaka 1964, alipotatua fumbo la tangu 1934 kule Leiden: ukinzani wa umeme wa dhahabu ulishuka kadiri ilivyopoa, kisha ukaanza kupanda. Kwake zilikuwa atomu chache za sumaku zilizotawanyika. Kwetu kuna seriamu kwenye kila chumba cha fuwele.

MADAMU: Na hapo ndipo Dokta anapopenda kuingiza mikono yake.

DOKTA: Sikatai. Mwaka 1977 Doniach alionyesha kwamba nguvu mbili zinaigombea 4f. Moja inataka kuufunika usumaku wake. Nyingine inataka sumaku zote zijipange, kila moja ikielekea kinyume na jirani. Zote mbili zinategemea jinsi 4f inavyogusana na elektroni zinazopita. Ibane fuwele ya seriamu, mguso unaongezeka, ufunikaji unashinda. Itanue, mguso unalegea, usumaku unashinda. Sasa niambie, Madamu: mashine ya kubana tunayo, ya kuvuta fuwele pande zote kwa mara moja iko wapi? Haipo. Lakini ukitoa atomu ndogo ukaweka kubwa, umeitanua.

MADAMU: Kwa karatasi.

DOKTA: Kwa vipimo. Metali ya CeCu6, seriamu moja kwa shaba sita, haina usumaku uliojipanga mpaka ushuke hadi milikelvini chache. Hilbert von Löhneysen na wenzake wa Karlsruhe walitoa shaba kidogo wakaweka dhahabu, ambayo atomu yake ni kubwa zaidi. Mpaka dhahabu 0.1 kwa kila fomula, kimya. Ikizidi hapo usumaku unajipanga: kwenye 0.3 unaanza Kelvini 0.49, na kwenye dhahabu moja nzima unafika Kelvini 2.3 hivi. Penyewe kwenye 0.1, mwaka 1994, walitangaza metali isiyofuata sheria ya metali. Ukinzani uliongezeka sambamba na joto badala ya mraba wa joto, na kile kipimo cha uzito kiliendelea kupanda kwa logi kadiri sampuli ilivyopoa. Kisha wakaja na jibu la swali lako. Walichukua sampuli ya 0.3, wakaibana kwa takriban kilobaa 8, usumaku ukatoweka na tabia ya 0.1 ikajitokeza. Dhahabu ilitanua, shinikizo likabana, hesabu ikafungana.

Kama mjadala ungekuwa umeishia hapo, Dokta angeshinda bila jasho. Jaribio la Karlsruhe ni miongoni mwa machache katika fani hii ambapo mtu alirudia njia aliyopita, kwa gari jingine, akafika nyumbani kwake. Madamu analijua hilo, na hakupoteza muda kulipinga.

MADAMU: Hilo nakuachia lote. Ila umechagua kesi yenye adabu. Kwenye CeCu6 shaba ina nafasi tano zisizofanana, na dhahabu inakaa kwenye moja tu mpaka ijae. Haiigusi seriamu. Twende kwenye CeCoIn5, iliyotangazwa mwaka 2001, superkondakta, yaani isiyo na ukinzani wowote, kwenye Kelvini 2.3. Mwaka 2006 Pham na wenzake waliingiza kadimiamu mahali pa indiamu. Kadimiamu ina elektroni moja pungufu, ukubwa haupishani sana. Jambo la kwanza la kukumbuka, binti: waliweka kadimiamu 10 kwa 100 kwenye yeyuko, fuwele ikatoka na takriban 1 kwa 100. Namba iliyoandikwa kwenye chupa si namba iliyomo kwenye fuwele.

FUNDI: Banange! Tisa zimekwenda wapi?

MADAMU: Zimebaki kwenye yeyuko, Mzee. Fuwele inapokua inachagua. Jambo la pili: ile moja kwa mia ilitosha kuleta usumaku uliojipanga ambao CeCoIn5 safi haina.

DOKTA: Na walipobana, usumaku ukazimika, ukinzani ukafika sifuri kama zamani. Karatasi hiyo nimeisoma, Madamu.

MADAMU: Soma na ile ya 2014, ya Seo na wenzake. Usuperkondakta ulirudi, ndiyo. Lakini mtikisiko wa usumaku, ule unaoifanya fuwele safi iwe ya ajabu karibu na sifuri kamili, haukurudi. Kila kadimiamu ilikuwa imejizungushia kidimbwi cha usumaku, na shinikizo lilivipunguza vidimbwi bila kuvikausha. Ukiangalia ukinzani peke yake utaapa kwamba umerudi ulikotoka. Hujarudi.

DOKTA: Kesi moja.

MADAMU: Nikupe nyingine. Mwaka 1991, kwenye itriamu, urani na paladiamu, Seaman, Maple na wenzao waliona tabia za logi kama hizo zako, na watu wakaandika nadharia nzuri sana kuzieleza. UCu4Pd ikafuata, nayo ikazaa nadharia zake. Mwaka 1995 Bernal na wenzake wakaichunguza UCu5 yenye paladiamu kwa usumaku wa viini vya atomu, wakagundua kwamba hakuna joto moja la kufunika 4f, au 5f kwa urani. Kila atomu ina lake, kwa kuwa kila atomu ina majirani wake. Ukizijumlisha, chache ambazo hazijafunikwa zinatosha kukuchorea logi. Kisha 1998 eksirei zikaonyesha kwamba karibu robo ya paladiamu, 24 kwa 100, zilikaa kwenye nafasi za shaba ambazo hazikupangiwa. Fomula kwenye kichwa cha karatasi ilisema mpangilio kamili! Na ukiichoma sampuli ileile kwa siku zaidi, tabia yake kwenye joto la chini inabadilika. Sasa nani aliyekuwa anapimwa, fizikia ya kwanta au mpishi?

Swali hilo la mwisho lina ukali usiostahili, maana mpishi naye ni fizikia. Vurugu ndani ya fuwele ni somo halali, na kuna wanaoliandikia nadharia nzima. Lakini kiini cha hoja yake hakiondoki. Atomu ya kigeni inafanya mambo mawili au matatu kwa pamoja: inatanua au inabana, inaongeza au inapunguza elektroni, na inavunja usawa wa majirani. Mwenye kuchora grafu anaweka x, yaani kiasi cha atomu ya kigeni, kwenye mstari wa chini na kuisoma kama kitasa kimoja. Kwangu mimi, kosa la fani hii limekaa kwenye usomaji huo zaidi kuliko kwenye kubadilisha atomu kwenyewe.

Mwanafunzi alikuwa na mada yake mkononi muda wote: kutoa seriamu, kuweka lanthanamu.

MWANAFUNZI: Mimi nilidhani yangu ni rahisi. Lanthanamu haina 4f. Naitoa sumaku, naweka kisicho sumaku. Usumaku unapungua, naandika.

DOKTA: Kwenye CePb3 ndivyo ilivyo. Seriamu na risasi, ina usumaku uliojipanga kwenye Kelvini 1.1, na lanthanamu inauondoa. Kuna zaidi: kazi ya Lin na wenzake ya 1987 ilionyesha kwamba joto mahususi, ukiligawa kwa idadi ya seriamu zilizobaki, linabaki karibu lilelile hata seriamu zikiwa chache sana. Maana yake sehemu kubwa ya ule uzito kila seriamu inautengeneza yenyewe.

MWANAFUNZI: Basi nipo sawa.

MADAMU: Nenda kwenye CeRu2Si2. Ikiwa safi, haina usumaku uliojipanga. Toa seriamu 8 hivi kwa 100 uweke lanthanamu, usumaku unazaliwa.

MWANAFUNZI: Naondoa sumaku, usumaku unazaliwa?

MADAMU: Ndiyo. Atomu ya lanthanamu ni kubwa kuliko ya seriamu. Imetanua fuwele, mguso umelegea, na seriamu 92 zilizobaki zimeacha kufunikwa vya kutosha. Utanuzi umelishinda pengo.

DOKTA: Ahsante, Madamu. Hapo umenitetea.

MADAMU: Nimemtetea mtoto. Lanthanamu ileile, elektroni pungufu ileile, majibu mawili yanayopingana. Asipopima ukubwa wa chumba cha fuwele kwa eksirei kwenye kila x, atajuaje ni mkono upi uliofanya kazi?

DOKTA: Kuna na ukinzani, usisahau. CeCu6 safi ukiipoza, ukinzani unapanda, unafika kilele kwenye Kelvini kumi na kitu, kisha unaporomoka kwa sababu seriamu zote zimekuwa na mwendo mmoja. Weka lanthanamu ya kutosha, mporomoko unatoweka. Ukinzani unapanda tu, kama kila seriamu iko peke yake. Uzito unabaki, mwendo wa pamoja unavunjika. Hilo shinikizo lisingetufundisha kamwe.

Nadhani hili ndilo jibu bora alilotoa Dokta siku nzima, kuliko hata dhahabu ya Karlsruhe. Hapo lanthanamu haitumiki kama shinikizo la bei nafuu. Inatumika kama pengo, na pengo ndilo swali. Madamu hakulijibu, alimgeukia Fundi, ambaye alikuwa anakunja na kukunjua karatasi yenye mchoro wa tanuri.

MADAMU: Mzee, wewe ungeziyeyushaje metali hizi?

FUNDI: Kwa huu mchoro, Madamu, hii ni kuchomelea kwa agoni. Ncha ya tangsteni juu, sahani ya shaba chini inayopozwa kwa maji, chumba kimefungwa, hewa imenyonywa, agoni imeingizwa. Tofauti ni kwamba huungi vipande viwili, unatengeneza kidonge kimoja.

MADAMU: Na kabla ya kugusa kidonge unayeyusha kipande cha titani pembeni, kile kinywe oksijeni iliyobaki. Seriamu ukiikwaruza tu hewani inatoa cheche. Ndiyo maana iko kwenye kiberiti.

FUNDI: Nakigeuza mara ngapi?

MADAMU: Nne, tano. Upande uliolalia shaba unapoa haraka, haujachanganyika. Kila ukimaliza unapima uzito. Ukipungua, jua kuna kilichopaa.

Hapa kuna hesabu ambayo mwanafunzi aliiandika ubaoni, nami nimeirudia mwenyewe kuhakikisha. Kidonge cha gramu moja cha CeCu5.9Au0.1 kinataka gramu 0.2620 za seriamu, 0.7011 za shaba na 0.0368 za dhahabu. Dhahabu yote ni miligramu 37. Ukikosea miligramu moja tu, x inasogea kwa 0.0027, na kwa mwinuko wa grafu ya Karlsruhe hiyo ni milikelvini saba hivi za usumaku. Si nyingi, mpaka ukumbuke kwamba mtu huyu anatafuta mahali ambapo usumaku unaanzia kwenye sifuri. Baadaye kidonge kinafungwa ndani ya bomba la kwatzi lisilo na hewa na kuwekwa kwenye tanuri kwa siku kadhaa, wakati mwingine majuma, ili atomu zitafute nafasi zao.

DOKTA: Mnamtisha mtoto kwa mizani.

MADAMU: Nani aliyeanza kutishwa na mizani? CeCu2Si2! Frank Steglich alipotangaza mwaka 1979 kwamba metali hii ya seriamu ni superkondakta kwenye Kelvini 0.5 hivi, wengi hawakuamini, maana sampuli za wengine zilikataa. LaCu2Si2, yenye lanthanamu pekee, haikuwa superkondakta hata kidogo, nayo ilikuwa ushahidi mzuri kwamba 4f ndiyo inayofanya kazi. Ubishi ulikuja kueleweka kwenye shaba. Shaba ikizidi kidogo, superkondakta. Ikipungua kidogo, usumaku. Hakuna atomu ya kigeni hata moja, ni uwiano tu, na fuwele imebadilisha kabila.

FUNDI: Na hizo Kelvini mnazipata wapi hapa Kampala? Umeme wenyewe unakatika.

Kicheko kilikuwa cha uchungu kidogo. Heliamu ya kimiminika inachemka kwenye Kelvini 4.2, na kufika milikelvini kunahitaji jokofu linalochanganya heliamu za aina mbili, 3 na 4, lisilopenda kukatiwa umeme. Mwanafunzi alikumbusha heliamu ya bonde la Rukwa, Tanzania, iliyotangazwa mwaka 2016. Fundi akamjibu kwamba gesi ardhini si kimiminika kwenye chupa. Vivyo hivyo kwa udongo wa Makuutu, mashariki mwa Uganda, wenye ardhi adimu: seriamu mara nyingi haishiki kwenye udongo wa aina hiyo kama wenzake, kwa sababu hugeuka oksidi, na hata ikipatikana, safari kutoka udongo hadi metali safi ya kuyeyushia CeCu6 ni ndefu. Ugavi wa sasa ni wa kununua.

DOKTA: Kuna Johannesburg. Chuo kikuu cha pale kina kundi la André Strydom, ambalo metali hizi za seriamu ndizo kazi yao ya kila siku. Kigali nako, tangu 2018, kuna taasisi ya fizikia ya Afrika Mashariki chini ya mwavuli wa ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia cha Trieste, kwa hesabu za kompyuta. Mtoto anaweza kwenda.

MADAMU: Aende. Ila asiende mikono mitupu akapewe sampuli ya mtu mwingine. Aende na vidonge vyake.

MWANAFUNZI: Na mada yangu?

Wote watatu walimjibu kwa pamoja, na sikuweza kuandika kila neno. Hukumu ni yangu. Hoja ya Dokta imeshinda kwa sababu moja: bila kubadilisha atomu, upande wa kutanua wa ramani ya Doniach usingefikika, wala tusingejua kwamba uzito na mwendo wa pamoja ni vitu viwili. Hoja ya Madamu imeshinda kwa sababu nyingine: makosa mengi yaliyofanyika kwenye fani hii hayakufanyika kwenye jokofu, yalifanyika kwenye tanuri, mizani na fomula iliyoaminiwa bila kupimwa. Na kazi hiyo ya tanuri na mizani ndiyo inayoweza kufanyika Kyambogo. Kuchomelea kwa agoni kupo. Mizani ya miligramu si anasa. Mashine ya eksirei ni ghali lakini si jokofu la milikelvini, na inawafaa pia watu wa udongo, saruji na dawa.

Kwa hiyo, binti, chukua lanthanamu yako. Tengeneza vidonge vyenye x tofauti, na kingine chenye lanthanamu tupu kisicho na seriamu hata kidogo, kiwe kipimo chako. Andika uzito kabla na baada ya kila mgeuzo, siku za tanuri, ukubwa wa chumba cha fuwele, na x iliyopimwa badala ya x iliyokusudiwa. Omba kilobaa kadhaa kwa wenzako wa Johannesburg, ubane angalau sampuli moja uone kama inarudi. Isiporudi, usiifiche, iweke kwenye sura ya kwanza ya tasnifu.